UZI: Nilienda kufagia makaburi ya wamisionari hapa Bagamoyo, nimerudi naiangalia neti yangu mpaka naona aibu

Mkaanga Vibua (mwanzisha uzi)

Tumsifu Yesu Kristo wanajukwaa, na wale wa Bwana asifiwe nawasalimu, na majirani zangu wa asalam aleykum pia maana Bagamoyo hii bila nyie hata chumvi ya kuazima sipati.

Mi ni mama wa hapa Magomeni, kazi yangu kukaanga samaki pale soko la samaki, sio mwalimu wa dini wala nini kwaiyo nikikosea mnirekebishe taratibu. Kuna kitu kimenikaa rohoni tangu Novemba ile siku ya Marehemu Wote. Jumuiya yetu tulipangiwa kufagia makaburi ya wamisionari kule misheni, wenyewe mnapajua, unapita ile njia ya miembe. Sasa mi nimezaliwa hapahapa, yale makaburi nimeyapita toka niko mafundisho ya komunyo lakini kusoma jiwe hata moja sijawahi, kwangu ilikuwa ni mawe ya wazungu basi. Siku hiyo nimeshika fagio langu la chelewa naondoa majani, nikasoma miaka kwenye jiwe nikapiga hesabu. Ishirini na kitu. La pili, thelathini hakufika. La tatu hivyohivyo. Nikamuuliza bibi mmoja wa jumuiya, bibi hawa waliuawa? Akasema waliuawa ndio, na mbu.

Jamani nilikaa chini. Wale walivuka kutoka Zanzibar 1868 kuja kuanza misheni hapa na hawakujua kwamba ni mbu!! Hakuna aliyejua duniani, mpaka mwaka 1897 ndo daktari mmoja Mwingereza, Ronald Ross, akiwa India akaona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu (hiyo nimesomewa na mwanangu kwenye simu). Kabla ya hapo walidhani ni hewa chafu, na hilo jina malaria lenyewe ni Kiitaliano maana yake hewa mbaya. Kwinini walikuwa nayo ila chanzo hawakijui. Nikawaza kijana wa watu, mama yake kamwacha Ufaransa, joto la Februari la hapa, analala anaogopa upepo wa usiku wakati muuaji wake anamwimbia sikioni.

Nikarudi nyumbani usiku nikaingia kitandani nikaishika neti. Ya bluu, ina kiraka nimeshona kwa uzi mweusi. Nilipewa kliniki mimba ya huyu mdogo, bure kabisa. Mimba ya kwanza ilikuwa enzi za hati punguzo, wakongwe wanakumbuka, unapewa kikaratasi unaenda nacho dukani unaongezea hela kidogo unapata neti. Miaka yote hiyo kila usiku naichomekea chini ya godoro huku nanung'unika inanibana joto. Sijawahi hata siku moja kusema asante kwa neti.

Na sio kwamba sishukuru, kila usiku nasema "asante Mungu kwa yote". KWA YOTE. Mi nauza kwa mkopo pale sokoni nawajua watu. Mteja akikwambia "mama usijali nayakumbuka madeni yangu yote" huyo jua hakulipi. Anayelipa anakuja anasema elfu tatu ya Jumanne, changu wawili na muhogo. Basi nikajiona mi kwa Mungu ndo mteja wa aina ile ya kwanza.

Kwaiyo tangu siku ile kabla ya kulala nataja vitatu vya leo kwa majina. Juzi: mafuta hayakuungua. Mtoto kacheka mwenyewe usingizini. Maji yalitoka mpaka ndoo ya mwisho.

Na kuna cha rohoni pia ntakuja kukisema nikipata ujasiri. Nyie mnashukuruje? Nawasilisha.

Boda wa Nianjema

Shikamoo mama, vibua vyako navijua hahahaha, leo nimejua na mwenyewe unaandika.

Mi changu ni lami. Baba alikuwa anahadithia zamani kwenda Dar kilometa kama 70 tu mvua ikinyesha mnalala njiani mnasukuma gari. Leo nampakia mgonjwa usiku wa manane nafika hospitali chai haijapoa. Cheka lakini mi nikipita pale huwa nasema asante Yesu kwa lami, kimoyomoyo, abiria asidhani nimechanganyikiwa.

Sharifu wa Dunda

Waaleykum salaam bibie. Mimi Muislamu lakini uzi umenigusa. Nyie wenzetu mna kitu kimoja nawashangaaga, mtu anapiga chafya ananyamaza tu! Sisi ukipiga chafya alhamdulillah, ukishiba alhamdulillah, ukiamka alhamdulillah. Ila na sisi tuambizane ukweli, ulimi umezoea mpaka moyo haupo, mtu anasema alhamdulillah huku anamtukana kondakta. Hiyo ya kutaja kwa jina nimeipenda naichukua. Na Mwenyezi Mungu katuahidi katika sura ya Ibrahim, mkishukuru nitawazidishia.

Katekista Mstaafu

Mzee Sharifu salaam, tuonane barazani jioni.

Mama, umegusa jambo ambalo nimelifundisha miaka mingi nikalielewa uzeeni. Neno lenyewe Ekaristi ni Kigiriki, maana yake kushukuru. Yaani Misa nzima ni asante, na mtu anaweza kuhudhuria miaka arobaini akadhani kaenda kuomba tu. Angalia Luka sura ya 17, wakoma kumi wameponywa, karudi mmoja, naye Msamaria, mtu wa nje. Huwa tunawasema wale tisa kama watu wabaya. Mimi siwaoni wabaya. Waliambiwa nendeni mkajionyeshe kwa makuhani wakaenda, walitii! Walikuwa na haraka, wana wake zao na watoto hawajawagusa sijui tangu lini. Wale tisa ni sisi tunaowahi daladala. Yule mmoja tofauti yake ni kwamba alipoona ngozi imepona aligeuka KABLA ya kufika alikokuwa anaenda.

Mama Pacha

Naomba niongezee kwenye hiyo malaria maana mmesahau kitu kikubwa cha hapahapa kwetu. Ile chanjo ya malaria inaitwa RTS,S, majaribio yake makubwa yalianza 2009 nchi saba za Afrika, watoto zaidi ya elfu 15, na Tanzania vituo vilikuwa viwili, Korogwe na BAGAMOYO. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani wakapitisha itumike. Mmoja wa pacha wangu alikuwemo. Nilikuwa nampeleka kuchomwa, kutolewa damu, majirani wananiambia unauza mtoto, mama mkwe kaninunia karibu mwaka. Leo nasikia watoto wa nchi nyingine wanachanjwa, nakaa nawaza kuna mama huko Malawi hanijui simjui, na mwanangu alilia kwa ajili ya mwanae. Mi ndo nashukuru kwa hilo. Mtoto mwenyewe hata hakumbuki yeye anawaza mpira tu.

Mkaanga Vibua

Mama Pacha umeniliza na niko kwenye moshi watu wanadhani ni moshi.

Mluguru Mgumu

Uzi mzuri lakini naomba niharibu kidogo. Haya mambo ya shukrani siku hizi yamekuwa mtaji. Kuna kanisa moja nilikuwa nasali, jina nalihifadhi, bahasha za shukrani zilikuwa na rangi, rangi ya juu ndo wanaombewa mbele na kupigwa picha, sie wa bahasha nyeupe tunapungiwa mkono tulipokaa. Mtumishi anasema wazi shukuru kwa kiwanja upate nyumba, shukuru kwa pikipiki upate gari. Mi nikatoa akiba ya ada ya mtoto. Gari sijaliona na mtoto alirudishwa shule. Sasa mtu akiniambia neno shukrani nashika mfuko.

Katekista Mstaafu

Pole sana kijana wangu. Hiyo ni biashara, asante ikitangulizwa ili upewe kingine inaitwa arbuni. Paulo alivyowaandikia Wafilipi kwamba amejifunza kuwa radhi na hali yoyote alikuwa kifungoni, hakuwa anasubiri gari.

Binti wa Lushoto, naishi Zinga

Bwana Yesu asifiwe. Mluguru pole, ila usitupe na ndoo kwa sababu maji yamechafuka. Kwetu Usambara kanisani sikukuu ya mavuno watu wanaleta walichonacho, miwa, mahindi, kuku, mtu mwingine maharage kilo moja, halafu baada ya ibada kuna mnada nje. Sasa raha yake ni hii, kuku mmoja anauzwa hata mara tano! Mtu ananunua anasema namrudisha kwa Bwana, anauzwa tena. Kuku mwenyewe anabaki anashangaa tu. Bibi yangu alikuwa hana kitu mwaka mmoja ukame, akapeleka maji ya kunywa kwenye kibuyu. Mchungaji akayapiga mnada kama vitu vingine na yakanunuliwa. Mi ndo shukrani naijua hivyo, huku mjini ndo nimekutana na bahasha za rangi.

Mluguru Mgumu

Huyo bibi ningesali kanisa lake.

Sina Usingizi

Nimesoma yote nikawa naandika nafuta.

Mwanangu wa kwanza alikufa kwa malaria 2005, ana miaka mitatu. Neti tulikuwa nayo. Dawa alipewa, enzi zile sio mseto ilikuwa SP, akatapika, usiku degedege, asubuhi akaondoka. Ule mseto umekuja baadae. Watu walikuja msibani na ule mstari wa Wathesalonike, shukuruni kwa kila jambo. Mmoja akanishika mkono akasema mshukuru Mungu kwa hili pia. Toka siku hiyo kanisani naenda naimba ila wakifika kwenye maombi ya shukrani mdomo haufunguki. Mama Vibua sikulaumu, uzi wako ni mzuri. Ila neti yangu mimi nikiishika nakumbuka mengine.

Boda wa Nianjema

Dah. Pole sana.

Mama Pacha

Pole mama. Au baba. Pole sana.

Mkaanga Vibua

Sina la kusema mpenzi. Nimezima jiko kwanza nikakaa. Nisamehe kama uzi umekutonesha. Jina la mtoto ukitaka kulitaja mahali popote litaje tutalisikia.

Katekista Mstaafu

Nami nilitaka kunyamaza, lakini kwa kuwa mstari huo nimeusoma misibani mara nyingi nadaiwa maelezo. Mwalimu wetu mmoja chuo cha makatekista alituonyesha kwamba pale Wathesalonike wa kwanza 5:18 Kigiriki kinasema KATIKA kila jambo. Kwetu imeandikwa "kwa kila jambo" na hiyo "kwa" ya Kiswahili ina milango miwili, mtu anaweza kuisikia kama "kwa sababu ya". Ndio maana mtu mzima anamwambia mzazi aliyefiwa ashukuru kwa kifo. Sivyo. Ni kwamba hata katikati ya msiba mlango wa kuongea na Mungu haujafungwa.

Msomaji Tu

Mzee wangu kwa heshima, umesema sawa kwa Wathesalonike ila Waefeso 5:20 imeandikwa kwa mambo yote na pale Kigiriki chake ni "kwa ajili ya" kweli, sio "katika". Huwezi kuchagua unaoupenda ukauacha mwingine.

Katekista Mstaafu

Kijana umenikamata. Ni kweli. Sina jibu lililonyooka, naweza kukwambia tu kwamba aliyeandika vile hakuwa anamshika mkono mama mbele ya jeneza. Na kitabu hichohicho kina Zaburi ya 88, mtu analia mwanzo mpaka mwisho, hamna asante hata moja, inaishia gizani. Na imeachwa humo ndani inasomwa kanisani kama zaburi nyingine. Nilipokuwa kijana ningemwambia Sina Usingizi ajikaze. Leo namwambia akae kwenye 88 muda wowote anaotaka.

Sharifu wa Dunda

Hapo mzee umeongea. Na mimi nilizika. Kwetu tunasema innalillahi, sisi ni wa Mungu na kwake tunarejea. Hiyo tu ilinitosha kwa miezi, hayo mengine ya kushukuru yalikuja baadae yenyewe, tena yalianza na kikombe cha kahawa.

Mpekuzi wa Ngome Kongwe

Mi naona mnawasifia wamisionari tu. Misheni ile ilikuwa inanunua watumwa, wengi watoto, kuwatoa sokoni, sawa, wakaanzisha kijiji chao cha uhuru pale. Lakini wale watoto walisoma na walilima pia mashamba ya misheni, na hakuna aliyewauliza unataka kuishi wapi. Sasa huyo mtoto anadaiwa asante kiasi gani? Mi nadhani kuna shukrani ya kudaiwa, ile ya "tumekutoa mbali wewe", inaua. Hata majumbani ipo, mtu kasomeshwa na mjomba mpaka anazeeka anakumbushwa.

Halafu wamisionari sio pekee yao waliokufa njia hii. Kuna mnara pale kanisa la zamani wanaita wa Livingstone kwa sababu mwili wake ulilazwa pale Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Nani waliuleta? Chuma na Susi, watumishi wake, na wenzao, kwa miguu, toka ndani huko ambako leo ni Zambia, miezi mingi. Yule mzungu sanduku lake la dawa liliibwa 1867, akaendelea na safari miaka mingine sita ndo akafa 1873. Mzungu anapumzika Westminster Abbey, wabebaji wengi hata majina yao hayapo. Ukitaja vitatu vyako usiku taja na wabebaji.

Mkaanga Vibua

Mpekuzi umeniongezea kazi lakini ni haki kabisa. Nimeanza jana kwa aliyebeba: kijana anayenishushia ndoo kutoka kwenye mashua mpaka kwenye meza yangu, miaka minne, jina lake kamili nimelijua jana kwa sababu nilimuuliza. Alidhani nataka kumkopa.

Haya sasa nimepata ujasiri, ile ya rohoni. Mi na mdogo wangu wa damu hatujaongea miaka sita. Sababu minazi kumi na nne ya marehemu mama. Kumi na nne jamani na minne ilishakufa. Miaka yote sita nimepanga foleni ya komunyo na moyo una jiwe. Baada ya yale makaburi nilienda kitubio, padri akanisikiliza, kanipa malipizi madogo mpaka nikataka kumwambia baba hukusikia vizuri nini. Nikatoka nje nikawa mwepesi sijui nieleze vipi, kama umetua ndoo kichwani halafu shingo inabaki inaelea. Hicho sikukilipia. Neti kuna mtu kailipia, lami kodi zetu, hii hata kodi hamna, alilipa mwenyewe pale msalabani. Waefeso sura ya kwanza inasema ametubariki kwa baraka zote za rohoni, nilikuwa naisikiaga nadhani ni maneno ya mapambo.

Nikampigia mdogo wangu. Kakata. Nikapiga kesho yake, kakata. Siku ya tatu kapokea akasema "nini" nikasema nimekumbuka ile siku umenibebea mtoto kliniki kwenye mvua sikukwambia asante. Kimya. Akasema "mvua ilikuwa kubwa kweli". Basi. Tukakata. Hatujapatana msinipigie makofi, minazi iko palepale.

Binti wa Lushoto, naishi Zinga

Mi nimekupigia makofi hivyohivyo.

Msomaji Tu

Vitatu vyangu leo: umeme umerudi kabla samaki hawajaharibika kwenye friji. Mzee Katekista kakubali kukamatwa bila hasira, hiyo sijaiona mtandaoni tangu nianze. Bando halijaisha.

Boda wa Nianjema

Pancha moja tu wiki nzima. Mzee mmoja kanilipa chenji ya mwezi uliopita nilishaisahau. Mke kapika kisamvu cha nazi.

Mluguru Mgumu

Ada ya muhula huu imelipwa, nusu. Mwalimu mkuu kakubali nusu. Sijatoa bahasha yoyote. 😂

Mama Pacha

Pacha wamegombana wakapatana wenyewe bila fimbo. Mama mkwe kapiga simu, tena kumuulizia yule wa chanjo. Mgongo leo hauumi.

Sina Usingizi

Aliitwa Baraka.

Nina kimoja tu sio vitatu. Jana nililala masaa manne mfululizo.

Mkaanga Vibua

Baraka. Nimelisoma kwa sauti hapa jikoni.

Niwaage kwa leo, bamvua hii mashua zimeingia mapema na naskia mnada umeshaanza, nikichelewa nitaachiwa dagaa.

Boda wa Nianjema

Mama vibua niwekee viwili, nakuja na hela mkononi, sio "nayakumbuka madeni yangu yote".